Daftari la Kubashiri

Mwaka wa sita huu, na daftari ni lile lile,
jalada limeliwa na chai.
Kurasa za kushoto zangu, za kulia za Aikande.
Kila mwezi wa kumi, ukumbi wa Senkoro, Majengo, hapa Moshi,
shuka jeupe likishakazwa ukutani,
tunawatangulia majaji kuandika
nani ataondoka na kinyago.

Mimi hubashiri kwa kikohozi.
Filamu ikishika, watu husahau vifua vyao.
Dakika saba, kumi, bila mtu kukohoa:
hiyo naiwekea nyota.
Aikande hunicheka. Yeye hutazama miguu ya majaji.
Jaji akikunja nne, ameshaamua.
Akiikunjua, amejuta.

Kanuni nyingine tumezipata kwa hasara.
Filamu yenye mtoto anayekimbia huishia nafasi ya pili.
Yenye mlima kwenye picha ya kwanza haipati kitu;
mlima tunao bure dirishani, siku ukijisikia kutoka.
Bibi akilia bila sauti, weka nyota mbili.
Muziki ukimtangulia kulia, zifute zote.

Mwaka juzi tulikosa wote wawili.
Alishinda kijana wa Same, dakika nne,
mkono mmoja tu unasafisha kioo cha chemli.
Tulitoka tumenuna kama walioibiwa,
hadi kwenye mnara wa saa Aikande akasimama:
"Lakini ule mkono."
Nami nikasema, "Eeh. Ule mkono."

Mwaka huu Aikande ana filamu yake.
Dakika kumi na moja. Mama yake mzazi, mezani,
anahesabu pesa za kikoba, anakosea, anaanza upya.
Niliiona ikizaliwa. Nilishika taa ya kuazima
mpaka bega likafa ganzi,
nikamfungia jogoo wa jirani jikoni asituharibie sauti.
Yule mama alinipakulia maharage mara mbili.
Lakini ukumbini, dakika ya sita, mtu alikohoa.
Kisha mwingine. Kisha mwingine.
Kisha mimi.

Nikabaki na kalamu.
Kubashiri si kuombea, ndivyo tulivyoapa mwaka wa kwanza
mbele ya mtori wa Mama Ndeshi:
atakayeandika kwa moyo, atalipa bakuli zote mbili.
Kulikuwa na ile ya fundi saa wa Kiboriloni,
watu waliitazama kama wanaovuka mto juu ya gogo.
Nikaandika: Fundi Saa.
Nikafunika daftari, nikampa,
macho yangu nikayapeleka kwenye feni.

Senkoro akapanda na bahasha. Kipaza sauti kikapiga mluzi.
Mdhamini, mwenye duka la magodoro, alitushukuru
hadi tukachoka kushukuriwa.
Kinyago kikaenda Usangi, kwa filamu ya mbuzi,
ile ambayo hakuna kati yetu aliyeipa hata nusu nyota
kwa sababu, jamani, mbuzi.
Mwenye Fundi Saa akainamia viatu vyake.
Aikande akapiga makofi kuliko ukumbi mzima.

Kwa Mama Ndeshi tulifungua daftari chini ya balbu.
Kushoto, mwandiko wangu: Fundi Saa.
Kulia, mwandiko wake: Fundi Saa.
Lakini karatasi ya kulia ilikuwa imechubuka kwa kifutio.
Nikaiinua kwenye mwanga,
na chini ya wino kulikuwa na kivuli cha penseli,
jina la filamu yake, nusu, halikumalizika.
Sikusema kitu. Akaona kwamba nimeona.

"Dakika ya sita," akasema, akipuliza kijiko,
"ningekata pale anapojikuna shingo."
"Usikate. Pale mimi sikukohoa kwa kuchoka."
Akaweka kijiko chini.
"Na wale wengine?"

Wale wengine sikuwajua.
Mama Ndeshi alikuwa anavuta kuni jikoni, anazima.
Tukalipa kila mtu bakuli lake,
kinyume cha kanuni.