Masahihisho

Miaka ishirini na sita nimekula mkate wa mkato.
Nukta ikikosa nyumba, mimi ndiye niliyeitafutia.
Hapa Szklarnica, mji wa vioo na theluji chafu,
gazeti letu, "Mwangwi", hutoka Jumanne na Ijumaa.
Jina langu halimo. Ila pale pasipo na kosa,
nipo.

Ijumaa moja tuliandika tamasha la uyoga ni saa tisa.
Lilikuwa saa kumi.
Tukaomba radhi ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku,
kwa unyenyekevu wa mtu aliyemkanyaga mwenziwe kanisani.

Kwa mengine hatukuomba.
Meya Lisiecki alipigwa picha kutokea chini,
kidevu mbele, mawingu nyuma kama aliyeyaagiza.
Mpinzani wake, Halszka Wróbel, tulimtoa
anauma soseji, jicho moja limefumba.
Si uongo. Soseji aliila. Mawingu yalikuwapo.
Mimi nikakagua maelezo chini ya picha:
kila herufi ilikuwa mahali pake.

Mhariri, Radomir, hakuwa mtu mbaya.
Alikuwa na mkopo wa nyumba, na matangazo ya manispaa,
kurasa mbili nzima kila wiki, hulipwa kwa wakati.
"Hatumvishi mtu kilemba cha ukoka," alisema,
"tunachagua tu cha kuanza nacho."

Watu hawakupiga kelele. Laiti wangepiga.
Walipungua, kama maji ya birika lililosahauliwa motoni
chumba cha pili.
Apolonia wa kibanda cha magazeti alirudisha nakala arobaini,
kisha tisini, kisha akaacha kuhesabu,
akazifunga kwa kamba ileile tuliyomletea.
Na fundi mmoja wa tanuri, akitandaza "Mwangwi"
chini ya buti zake za matope,
aliniambia bila hasira:
"Sisi tunatengeneza chupa, mama.
Mtu akitupaka mafuta kwa mgongo wake, tunajua."

Kilichobaki kuaminiwa ni ukurasa wa vifo.
Walianza kusoma nyuma, wakaishia nyuma.
Maiti hana chama, walisema,
nami nikajifariji kwa hilo, nikachonga penseli.

Februari likaja tangazo la Zenon Pilch,
mpuliza kioo, miaka sabini na mitatu,
mume wa Genowefa, mfuga njiwa,
aliyeongoza mgomo kiwanda kilipouzwa.
Lilipofika mezani kwangu, mstari wa mwisho
ulikuwa umefutwa kwa wino.
Nani aliyekiuza, mji mzima unajua.
Pembeni Radomir ameandika: nafasi haitoshi.

Ilitosha. Nilipima kwa rula.
Vidole vitatu vya weupe,
weupe wa kumzikia mtu mara ya pili.
Nikaweka nukta baada ya "njiwa",
kwa kuwa sentensi sasa iliishia hapo.

Asubuhi ya mazishi nilimkuta Bi Genowefa
kwenye mlango wa jengo lao, ambapo huku hubandikwa habari za msiba,
anabandika kipande alichokikata kwetu.
Chini, kwenye ule weupe, kwa kalamu ya bluu,
ameurudisha mstari, mwandiko ukitetemeka kwa baridi
au kwa kitu kingine, sikuuliza.
Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.
Akanisogezea kalamu:
"Wewe ndiye unayejua kuandika. Nimekosea?"

Alikosea. Neno moja lilikosa herufi; nikaipachika.
Juu yake nukta yangu ilikuwa imekaa palepale,
nyeusi, safi, haina kosa lolote.
Nikaitia mkia.
Ikawa mkato.

Mwanamume wa ghorofa ya tatu akashuka na ndoo ya majivu,
akaiweka chini,
akaanza kusoma kutoka juu.