Kioo Kimoja, Nkuhungu

Kwanza nilipuliza vumbi.
Dodoma huanzi kitu bila kupuliza vumbi.

Kioo ni kile kile cha inchi kumi na saba,
kina tundu moja tu mgongoni, la buluu,
vijitobo kumi na vitano kama chujio la chai,
skrubu mbili ubavuni.
Kiliolewa zamani na mashine kubwa ya marehemu kaka Yoeli,
inayonguruma kama kinu cha kusaga uwele.

Mashine ndogo kaileta shemeji Mbeleje kutoka Mtumba,
ofisini kwao walipobadilisha vifaa.
Ndogo kama kitabu cha tenzi, haina sauti,
haina cha buluu. Mdomo wake bapa, mwembamba,
kama wa mgeni anayekataa chai.

Nikaenda Sabasaba kutafuta kigeuzi.
Kijana akanipa kimoja, elfu kumi na mbili,
akaapa kwa mama yake.
Nimefika, nimechomeka, nimewasha:
HAKUNA ISHARA.
Nikazima, nikawasha, nikakipiga kioo kofi dogo la mapenzi.
HAKUNA ISHARA.
Mzee Chidumizi, aliyekuja kwa barua ya kiwanja,
akasema labda kinaona haya.

Kumbe kigeuzi nacho kina upande.
Hiki kilichukua maneno ya kaka
kuyapeleka kwenye vioo vya kisasa;
mimi nilitaka ya ndogo yaje kwenye kioo cha kaka.
Ni mkalimani anayesikia Kigogo akakupa Kiswahili safi,
lakini umwambie Kiswahili akupe Kigogo,
anakutazama tu.

Nikarudi kwa mguu, upepo wa saa tisa usoni,
mchanga menoni.
Kijana akanibadilishia. Akaongeza elfu tatu
bila kuapa.

Sasa asubuhi ni zamu ya ndogo:
kadi za harusi, fomu za mikopo, picha za pasipoti.
Alasiri nachomoa, nainama, nakaza skrubu mbili,
maana barua za wazee zote ziko kwa kaka,
ndani ya faili aliloliita MAMBO YA WATU.
Mbeleje anasema zinahamishika, dakika tano tu.
Najua zinahamishika.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, wanasema.
Hawa wanakaa. Ila akitazamwa huyu,
yule hana uso.

Juzi wateja walinisonga,
nikachomoa cha buluu bila kumzima kaka.
Mchana kutwa alinguruma chini ya meza,
feni ikizunguka, joto likinigusa ndama ya mguu,
nami juu nikichagua maua ya kadi ya mtu.

Saa mbili usiku, nimefunga mlango,
nikamrudishia kioo.
Barua ya Mzee Chidumizi ilikuwa wazi pale pale,
kwenye *Yah: Ombi la*,
na kile kijistari kikipepesa, kikipepesa,
kama mtu uliyemwambia ningoje,
akangoja.