Mlango wa Benzi

Bei ya korosho ilipopanda
Nandonde alinunua Benzi.
Tulipokezana kunusa viti.

Msimu wa tatu ikawaka taa ya njano.
Fundi Chilumba akafunua boneti, akaifunika:
"Hii inataka kompyuta. Mimi nina spana."

Stauti ya Mkwera ina umri wangu,
hosi imefungwa kwa mpira wa kandambili,
na bado inaupanda mlima kutoka Masasi
ikikohoa, ikitukana, ikifika Newala.

Benzi inangoja kifaa toka Dar.
Kuku ameshatotoa kwenye siti ya nyuma.

Ila jioni, akidhani hatumwoni,
Nandonde huufungua mlango, huufunga:
pu.
Laini, kama siku ya kwanza.
Husimama kidogo akisikiliza,
kisha huenda zake na baiskeli.