Mwiba na Nukta

Waterbury, mwezi wa pili. Theluji imefika usawa wa dirisha,
na mjomba Anselme Pelkey amesukuma sahani kando,
makombo ya mkate bado yako kitambaani,
akamwaga mezani sarafu kumi na tisa za shaba
kutoka ndani ya soksi.

Soksi ilikuwa ya Odile. Hilo halisemwi.

Zote za mwaka mmoja: elfu moja mia saba themanini na saba.
Zote zina kichwa cha mwanamume anayeangalia kushoto,
na mgongoni mwanamke aliyeketi, tawi mkononi.
"Mbona ni zile zile," nasema.
Ananitazama kama mama wa mapacha
anavyomtazama mgeni aliyechanganya majina.

Muhuri ulichongwa kwa mkono, ananiambia,
herufi moja moja, nyundo na chuma,
na mchongaji alikuwa na usingizi, au deni, au homa,
akaisukuma R juu kidogo ya wenzake,
akasahau herufi, akarudi, akaibandika
juu ya nyingine, na ya chini hadi leo inachungulia.
Kisha muhuri wenyewe ukachoka, ukapasuka,
na ufa ukapigwa chapa
pamoja na neno la uhuru.

Miaka arobaini na mmoja alisimama kiwandani
akitoa vifungo vya makoti, vya shaba ya manjano,
milioni juu ya milioni, kila kimoja sawa na ndugu yake.
Kilichopinda kilitupwa ndooni.
Labda ndiyo sababu. Sijamuuliza.

Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho;
la kulia ndilo linalomlea.
Kwa hiyo kioo cha kukuzia nakishika mimi.
"Baada ya neno la kwanza: msalaba, ua, au nukta?"
Ua.
"Petali ngapi?"
Tano. Hapana, nne, na kovu.
"Kovu la sarafu au la muhuri?"
Sijui tofauti. Ananifundisha kwa kucha:
kovu la sarafu limezama, la muhuri limevimba,
kwani jeraha la mama kwa mtoto hutokea kinyume.

Karibu na saa sita usiku, kumi na nane zimepata bahasha zao,
kila moja na namba yake na ukoo wake.
Inabaki moja,
rangi ya kahawa iliyosahauliwa jikoni.

Baada ya herufi ya mwisho kuna kitu.
Kama ni nukta, ndiyo ile
aliyoiachia mstari mtupu daftarini tangu kabla hajaoa.
Kama ni uchafu, anazo sita za namna hiyo,
na ya saba haina wa kuinunua.

Imelala wiki tatu katika mafuta ya zeituni,
kwenye kifuniko cha chupa ya jamu.
Sasa anafungua kiberiti: ndani hamna njiti,
mna miiba ya waridi lililo kando ya gereji,
ambalo leo ni kichuguu cheupe tu.
Chuma hukwaruza, anasema. Mwiba hauna hiana.

Anauchukua mmoja. Anauinamisha juu ya nukta.
Mkono uliozoea tanuri unatetemeka kama wa mwizi mgeni.
Nje, gari la kusukuma theluji linapita,
vikombe vinalia kabatini.

"Kesho," anasema, anaurudisha mwiba.

Nikamletea bahasha.
Nyuma yake, kwa penseli, tarehe, safu nzima,
nyingine zimefifia hata siwezi kuzisoma,
kila moja ikifuatwa na neno hilo hilo: kesho.
Isipokuwa ya juu kabisa.
Ile ni ya mwandiko mwingine, wa mviringo, usio na haraka:
"Iache kwanza, Anselme. Supu inapoa."

Anaandika tarehe ya leo.
Anauliza kama bado inaanguka.