Mwezi wa Saba, Katwe

Daftari la msimamizi halina safu ya mimba.
Lina magunia tu. Jana tisa, leo sita,
akanitazama tumbo kama mtu anayetazama mizani mbovu.

Naingia ziwani hadi magotini.
Zamani nilifika kiunoni; siku hizi nasimama
pale maji ya chumvi yasipokufikia,
na Ithungu, bila kuombwa, hupita mbele yangu kwenye kina,
ananisogezea mabonge kwa mguu.
Hatujawahi kulizungumzia.

Mgongo nimeufunga leso mbili.
Miguu naipaka samli, nyufa zinawaka vilevile.
Mkunga wa zahanati alisema: mama, punguza chumvi.
Nilicheka mpaka ukanipiga teke.

Mchana nakalia gunia, natafuna muhogo,
nakupigia hesabu:
gunia moja ni pamba na wembe,
mawili ni bodaboda ya kunifikisha hospitali usiku,
la nne ni siku moja ya kulala tu.
Hilo la nne kila wiki linaliwa na jambo jingine.

Ukiwa msichana jina lako lipo, Kabugho, binti wa tatu.
Siku utakayotoka
nitakulamba kipaji cha uso
nijue kama ulionja.