Vijiko vya Zinaida

Kwanza kilipotea kijiko cha chai,
kile chenye ua mpinini, cha arusi ya bibi.
Mama akasema: kimetupwa na maganda ya viazi.
Kisha cha pili. Kisha tukawa
tunakoroga sukari kwa uma,
na hakuna aliyeuliza,
maana Rodion alikuwa anacheka tena,
na nyumba hii ilikuwa na kiu ya kicheko
tangu mgodi ufungwe.

Unga mchache kuliko chumvi ya yai.
Mwanzoni kwa bei ya mkate.
Halafu redio. Halafu koti la baba,
na baba bado alikuwa analivaa.

Arosto ikimshika, hulala chini ya blanketi tatu
akilia kwamba mifupa inamwasha
pale ambapo kucha hazifiki.
Ataacha Jumatatu, anasema.
Jumatatu zetu zimejaa,
hazina tena pa kuweka ahadi.

Mwezi wa tatu theluji ya Kohtla-Järve iliyeyuka,
ikaturudishia sindano za msimu mzima.
Kando ya bembea nikaokota kijiko chetu:
ua lipo, tumbo limeungua.
Nilikisugua kwa majivu, kwa siki, kwa mchanga.
Weusi haukutoka.
Mama hakusema neno.
Akakitumbukiza katika kikombe chake, akakoroga.

Usiku huu maji yanamwagika bafuni
tangu saa mbili.
Mama anagonga mlango kwa kijiko hicho hicho,
mara tatu, anangoja.
Ndani mtu anakohoa.
Tunapumua.