Ndoo Mia Nne

Fedha za barabara zilifika Juni.
Ziliombwa Oktoba, zikasubiriwa Desemba
udongo ulipolowa ukakubali kisu.
Zikaja Juni, mwaka wa serikali umebakiza siku kumi na saba,
na shilingi isiyotumika hurudi ilikotoka.

Mimi ni dereva wa greda. Greda ni moja, wilaya ni pana.
Tunaliita Bi Harusi,
kwa kuwa likitoka hutembea polepole
na watoto wote huliandama nyuma.

Juni, huku kwetu, ardhi si udongo. Ni unga.
Unaparua, unapepea.
Unamaliza kilomita, ukigeuka nyuma
imekwisha kuingia machoni mwa mbuzi.
Barabara kavu haishindiliki; inataka maji
kama ugali, kama tofali.

Maji yalikuwa Chiwondo, nyuma ya Mvumi.
Kisima kimoja, pampu inayokohoa kabla ya kutema,
foleni ya ndoo tangu jana jioni,
kila ndoo na jiwe lake, kila jiwe na mwenyewe.
Chibehe akarudisha boza kinyumenyume,
pii, pii, pii,
lita elfu nane, na tumboni hamna kitu.

Wanawake hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.
Damari Ndahani, mtunza ufunguo,
alilizunguka boza, akaligonga kwa kiganja.
Likaitika kitupu.
"Hili ni ndoo ngapi?"
Mia nne, nikasema.
"Kwa barabara nzima?"
Kwa kipande. Kipande kifupi.

Akacheka kwa pua.
Mmoja, mtoto mgongoni, akasema:
mwaka jana Persisi alijifungulia korongoni,
trekta limezama hadi ekseli,
mkunga anamulikiwa kwa simu.
Mwingine akasema: Persisi huyohuyo
leo hana maji ya kumwogesha mwanawe.
Wote wawili walisema kweli.
Nami nilisimama na kofia mkononi,
nikatamani kuwaeleza habari za Juni,
lakini Juni si jibu ambalo mtu
anaweza kulitwika kichwani akaenda nalo nyumbani.

Damari akafungua kufuli.
"Boza moja. Moja tu.
Na ukalimwage korongoni,
siyo mbele ya nyumba ya mwenyekiti."

Mchoro ulisema tuanzie kwa mwenyekiti.
Nikaukunja mchoro, nikaukalia.

Tulimwaga. Ardhi ikanywa bila kushukuru,
ikageuka rangi ya ini,
ikanukia mvua ambayo haikunyesha.
Rola likapita mara sita. Chibehe akashuka,
akakanyaga, akaruka kama mtoto,
haikubonyea.

Kesho yake walipita na ndoo,
safari hii si kwenda kisimani: kisima kilikuwa kimechoka.
Walikwenda mtoni kufukua mchanga
na kungoja maji yachuruzike kikombe kwa kikombe.
Katikati ya barabara mpya mmoja akasimama,
akapigapiga kwa kisigino.
"Hapa ni pangu," akasema. "Hii ni ndoo yangu."
Sikujua kama ni fahari au ni deni.
Nilijifanya nakagua tairi.

Kifuku kilipofika, korongo lilikula hatua thelathini.
Hatua mia na kitu zikabaki.
Gari la zahanati limepita juu yake mara mbili, nimehesabu,
na mara ya tatu likakwama palepale penye thelathini.

Fomu ya kumaliza kazi ina safu ya dizeli,
safu ya changarawe, siku za mtambo, posho.
Kwenye maji mtu alikwisha kunijazia, kwa mashine:
Chanzo, mto. Gharama, hakuna.
Nikaikata "hakuna" kwa kalamu.
Juu yake nikaandika, kwa mwandiko wangu mbaya,
mia nne.

Jumatatu simu ya ofisini ikalia.
"Dereva," sauti ikauliza, "mia nne za nini?"